Uvimbe wa utosini, chanzo shingoni: huduma ya kliniki moja ya Ngamiani, Tanga

Nilimpeleka shangazi yangu katika kliniki moja binafsi ya Ngamiani kwa sababu ya uvimbe laini utosini, ambao kwa miezi kadhaa sote nyumbani tuliudhania kuwa ni wa mafuta tu, na naandika tathmini hii hasa kwa ajili ya daktari aliyekataa kuukata kabla ya kuupima. Alianza kwa kuipapasa shingo, akauliza habari za kovu la rovu aliloondolewa zamani, kisha akavuta chembechembe za uvimbe kwa sindano. Majibu yalionesha saratani ya thairoidi, yaani tezi iliyo mbele ya shingo, aina ya folikula. Alitufafanulia bila haraka kwamba aina nyingine ya saratani hiyo, ya papilari, kwa kawaida huenea kwanza kwenye tezi za limfu za shingoni, ilhali ya folikula husafiri kwa damu hadi mapafuni na mifupani, na mara chache sana hujitokeza kwenye ngozi ya kichwa, figo au ubongo. Na kwa kuwa vivimbe vyake huweza kuwa na mishipa mingi ya damu, si vya kupasuliwa kwa kubahatisha. Maelezo hayo peke yake yalistahili ada.

Mapokezi ndiyo yaliyonikera: majibu tuliyoahidiwa kwa wiki moja yalichukua wiki tatu, na stakabadhi tuliidai mara mbili. Tiba ya iodini yenye mionzi, inayotumika kwa saratani hii, hawana, wala hawakujifanya wanayo. Walituandikia rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakafungasha na vioo vya sampuli.