Sholay au Enter the Dragon?

Mimi si mjuzi wa sinema. Ni mtu wa kahawa chungu na kashata. Picha ikiwekwa, naangalia. Wiki jana hapa kwetu Majengo tuliweka mbili za zamani, kila moja na usiku wake.

Enter the Dragon (1973), ya kung fu, haikuchoshi. Dakika mia moja hivi, na ule ugomvi wa mwisho ndani ya chumba cha vioo, Bruce Lee akivivunja ili ajue adui hasa yuko wapi, bado unanisimamisha kitini. Masikini, alifariki Julai mwaka huohuo, kabla picha haijatoka Marekani. Lakini hadithi yenyewe ni chai ya mkandaa tu.

Sholay (1975), ya Kihindi, ndiyo biriani. Saa tatu na zaidi! Kuna pahala Thakur, yule aliyekuwa polisi, ana bunduki miguuni pake, wenziwe wamezidiwa, naye haiokoti. Mwanangu akamtukana: "Mwoga huyo!" Baadaye upepo ukapeperusha shali, tukaona mikono hana. Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, alimkata. Kijana kimya, hata njugu hatafuni. Na ile sarafu ya Amitabh, nyota wa picha, siri yake nilikuwa naijua siku nyingi, nikameza.

Nyimbo ndizo zilizonishinda. Mmoja ulipoanza nilitoka kununua viazi karai vya ukwaju, nikarudi, bado wanacheza.

Hata hivyo nachukua Sholay. Ya Bruce Lee niwekeeni siku nina usingizi.