Programu ya ujauzito au meseji za Wazazi Nipendeni?

Wifi yangu ana ujauzito wa wiki 20. Alinionyesha programu kwenye simu yake: picha ya mtoto, kalenda, ushauri kila asubuhi. Inapendeza, na wiki inazihesabu vizuri. Lakini niliipekua yote sikukuta neno malaria. Hakuna SP, ile dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, hakuna chandarua. Imeandikiwa mama wa Ulaya. Huku Tanzania Bara mjamzito hupewa SP kliniki kuanzia wiki ya 13, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja. Wala haisemi nani aliyeandika ushauri huo, jambo ambalo kwangu ni zito zaidi.

Wazazi Nipendeni, huduma ya meseji ya Wizara ya Afya na wadau wake, ilianza mwaka 2012 bila mapambo: ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001, unapokea meseji za Kiswahili bure, hata kwenye kitochi. Malaria ilikuwemo, maandalizi ya kujifungua pia. Ila meseji haijui presha yako.

Kwa kuhesabu wiki, abaki na programu. Kwa dawa, nimemwambia afuate kadi ya kliniki. Akiona damu au macho yakiingia ukungu, hatupekui simu, tunaita bajaji.