Steshenari ya Sabasaba, bango la kura 538

Nawapa nyota 4. Mi nafundisha uraia hapa Dodoma na nina klabu ya midahalo, sasa vijana wakawa wanabishana kila kukicha, Clinton 2016 alimzidi Trump kura karibu milioni 2.9 nchi nzima halafu urais akaukosaje, maana huku kwetu mwenye kura nyingi ndo rais basi. Nikaona nikaprinti bango la ramani ya Marekani, kila jimbo na kura zake za wajumbe, ndo hao wajumbe wanaochagua rais, jumla 538, ukifikisha 270 umemaliza kazi.

Foleni ilikuwa ndefu, wanachuo na ripoti zao, ila dada wa kompyuta alinisikiliza mpaka mwisho. Mita 2 kwa moja na nusu, elfu 40, rangi zimekolea kweli, hata wa dawati la nyuma anaiona 19 ya Pennsylvania amekaa.

Shida ilikuwa Nebraska. Wameipaka nyekundu yote, rangi ya chama cha Trump, wakati kwenye karatasi niliandika kabisa wilaya ya uchaguzi ya Omaha iwe buluu, rangi ya chama cha Harris! Dada akasema mwalimu, hako si kadoa tu, nani atakaona? Nikaomba kikokotoo tukapiga hesabu palepale kaunta: Kamala Harris aliyegombea na Trump 2024, bila Omaha ana 225, ongeza Pennsylvania 19, Michigan 15, Wisconsin 10, inakuja 269. Haitoshi. Hiyo moja ya Omaha ndo inafikisha 270. Majimbo karibu yote anayeongoza anabeba kura zote, ila Maine na Nebraska wanagawa, nyingine zinaenda kwa anayeongoza kila wilaya, ndo maana Tim Walz, mgombea mwenza wa Harris, alienda kupiga kampeni Omaha, kule kwa kura moja, na California yenye 54 wagombea wanaenda zaidi kuchangisha hela maana mshindi anajulikana mapema. Omaha Harris aliipata kweli, yale majimbo matatu ndo yakambwaga, akaishia 226.

Dada akarudia hesabu mwenyewe mara mbili, akanyamaza, akaenda kukata stika ya buluu akabandika, hakunidai hata mia. Hapo nimewapenda sana.

Nyota niliyopunguza ni ya gundi. Wiki ya pili tu, na huu upepo wetu na vumbi, Omaha imeanza kubanduka upande mmoja, kila nikiingia darasani naigandamiza kwanza kwa kidole gumba ndo naanza kipindi.