Mtihani wa leseni ya udaktari au uuguzi: ukiwa na laki moja hapa Tabora, anza na nini?

Msimu wa mitihani ukikaribia, wahitimu walioko kwenye mafunzo kwa vitendo hapa Tabora huuliza swali lilelile: ninunue kitabu gani? Kabla ya kujibu, mimi huuliza: nani anakutahini? Muuguzi na mkunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye ndoto za Marekani anasomea USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa huko; wa Uingereza anasomea PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya nchi hiyo. Kitabu kizuri kabisa cha USMLE kinaweza kukupotosha kwenye mtihani wa nyumbani, maana dawa inayoanza kutolewa Chicago si lazima iwe ndiyo inayoanza kutolewa kwenye zahanati ya Sikonge.

Namba moja kwangu hailipiwi: Mwongozo wa Matibabu wa Taifa wa Wizara ya Afya, toleo la 2021. PDF yake ni bure. Usichape kitabu kizima, utamaliza hela. Chagua sura zinazojaza wodi zetu: malaria, kifua kikuu, VVU, shinikizo la damu, kisukari, dharura za uzazi na magonjwa ya watoto. Zipeleke steshenari, zifungwe pamoja kwa jalada gumu. Umeme ukikatika usiku na simu imezima, karatasi bado inasomeka kwa tochi.

Namba mbili, na hapa ndipo hela yako kubwa iende, ni kitabu cha maswali chenye maelezo ya majibu. Nasisitiza maelezo. Kitabu kinachokupa herufi tu, 1-C, 2-A, 3-D, hakikufundishi kitu. Hata jibu likiwa limekosewa hutajua. Kizuri kinakwambia kwa nini C ni sahihi na kwa nini A, B na D si sahihi.

Kabla ya kulipa, kipime palepale dukani. Fungua malaria kali kwa watoto, utafute dozi ya artesuneti ya sindano. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, na wengine wote miligramu 2.4. Chukua mtoto wa kilo 14: kitabu kipya kitakupa miligramu 42, cha zamani kitakupa 33.6. Ukikuta 2.4 kwa wote, au kwinini bado inatajwa kuwa chaguo la kwanza, kirudishe kwenye rafu hata kama jalada linang'aa. Wakunga, fungueni sura ya uchungu wa kuzaa. Shirika hilohilo mwaka 2018 liliweka mwanzo wa hatua ya uchungu mkali pale mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5. Kitabu kisichotaja kabisa mabadiliko hayo kimepitwa, na usishangae ukikuta mada nyingine nazo zimepitwa.

Usidanganywe na mwaka wa kuchapwa upya. Angalia toleo, kwa sababu kitabu kinaweza kuchapwa jana kikiwa na maneno yaleyale ya miaka kumi na tano iliyopita.

Namba tatu ni kitabu kikuu kimoja cha somo unalopwaya. Kimoja, jamani. Cha mtumba kinafaa sana kwa anatomia na fiziolojia, maana figo hazijahama. Kwa dawa na matibabu, epuka mtumba. Ukiagiza Dar kwa basi, mwambie muuzaji akupigie picha ukurasa wa toleo na kurasa mbili tatu za katikati kabla hujatuma hela. Nakala zenye kurasa zilizofifia au kurukwa zipo nyingi.

Programu za maswali za kulipia kwa mwezi naziweka namba nne. Kwa wa USMLE au PLAB zingekuwa namba moja, kwa sababu zimetungwa kwa mitihani hiyo. Kwa wa hapa nyumbani, lipa mwezi mmoja wa mwisho tu, tena baada ya kujaribu sehemu ya bure na kuhakikisha inafanya kazi bila bando. Video ni nzuri kwa mapigo ya moyo na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ila zinakula bando. Zipakue penye Wi-Fi.

Madesa ya grupu la WhatsApp yafuate mwisho. Mengine yameandikwa na watu makini, lakini hayana tarehe wala mwandishi, na kosa moja la dozi hunakiliwa kutoka simu hadi simu. Ukipata desa, lipime kwanza kwa mwongozo wa taifa, ndipo ulisome.

Kuna bidhaa moja siiweki kwenye orodha kabisa: anayekuambia ana mtihani wenyewe, tuma hela kwa namba hii. Mara nyingi ni tapeli na laini itazimwa. Na kama kweli anao, anakuingiza kwenye udanganyifu kabla hata hujapata leseni unayoitafuta. Hela hiyo ichangeni watu wanne, mnunue vitabu viwili tofauti vya maswali, mbadilishane kila wiki na mjadiliane majibu kwa sauti baada ya zamu.