Kalenda ya Wamisri wa kale na ya Warumi: ipi bora?

Kwa wepesi wa hesabu, Wamisri wanashinda. Miezi 12 ya siku 30, kisha siku 5 za nyongeza: jumla 365, kila mwaka sawasawa. Ndiyo maana wataalamu wa nyota, kuanzia Ptolemy hadi Copernicus, waliendelea kuitumia. Kasoro yake ni kukosa siku ya ziada kila mwaka wa 4. Hivyo kila miaka 4 inaachana na jua kwa siku 1, na mwezi wa mavuno mwishowe unaangukia mafuriko ya Nile.

Warumi walianza vibaya kabisa. Mwaka wao wa siku 355 ulihitaji mwezi wa ziada wa kuchomeka ili kwenda sawa na jua, na makuhani waliuchomeka au kuuacha kwa siasa, ili kumrefushia au kumfupishia kiongozi muda wake. Mwaka 46 K.K. Julius Caesar aliongeza siku hadi 445 ili kurudisha majira mahali pake, kisha akaweka 365, pamoja na 1 ya ziada kila mwaka wa 4. Makuhani wakaiongeza kila mwaka wa 3, mpaka Augusto akasahihisha.

Januari na Julai tumepata kwa Warumi. Lakini Ethiopia bado wana miezi 12 ya siku 30, na wa 13 wenye siku 5 au 6.