ODK au CyberTracker, ipi ya kwenda nayo msituni?

Ukienda misitu ya Kibale au Budongo kule Uganda kuhesabu viota vya sokwe, kwenye simu uweke ODK Collect au CyberTracker, hizi app za kurekodi data za utafiti? App zote za bure, zote zinashika GPS na kufanya kazi bila mtandao, hapo hamna ubishi.

ODK nguvu yake iko kwenye fomu. Unaiandika kwenye Excel unaweka masharti yako, mtu akijaza mti wa mita 300 simu inamkatalia palepale, akisema hakuna kiota basi maswali ya kiota yanarukwa yenyewe, alafu mkifika penye mtandao data inaenda seva. Ila ni ya Android tu, na chini ya miti mikubwa GPS inasumbua kweli, maana ODK kwa kawaida inasubiri usahihi wa mita 5 ndo ipokee pointi yenyewe, we hicho kiwango kipandishe kwenye fomu kabla hamjatoka.

CyberTracker ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, Louis Liebenberg aliitengeneza kwa ajili ya wasasi wa Kalahari wasiosoma, ndo maana inakwenda kwa picha. Unabonyeza mnyama, unabonyeza anafanya nini, basi. Wazee wanaojua msitu kuliko sisi wote wanarekodi wenyewe bila kusubiri kijana wa chuo awaandikie, na hilo kwangu ni kubwa sana.

Kwa ploti za miti, yaani vipande vya msitu vya kupimia miti, mi nachukua ODK. Kufuata wanyama siku nzima, CyberTracker. Pawabanki bebeni kwa zote mbili.