Seti ya jaribio la Bell: vifaa bora, mwongozo dhaifu

Hoja ya Einstein, Podolsky na Rosen ya 1935, kwamba mekanika ya kwanta haijakamilika, unaipima hapa mezani kwa seti hii, kwa njia aliyoibuni mwanafizikia John Bell. Leza ya nanomita 405 hupiga fuwele mbili za BBO (beta-bariamu borati), zikatoka fotoni (chembe za mwanga) pacha za nanomita 810. Kila fotoni hupita kwenye kichujio cha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga (polaraiza): cha upande mmoja huwekwa nyuzi 0 na 45, cha wa pili 22.5 na 67.5. Uwiano wa matokeo ya pande hizo mbili hujumlishwa kuwa namba moja, S. Vigeu fiche vya kimahali (wazo kwamba kila fotoni hubeba majibu yake tangu mwanzo, bila kuathiriwa na ya mbali) haviwezi kuvuka S = 2; kwanta hufikia 2.83.

Mwongozo, kwa bahati mbaya, umeruka urekebishaji wa awamu, yaani kulinganisha mawimbi ya mwanga wa fuwele hizo mbili. Ukiuacha, uwiano unapendeza kwenye 0 na 90 lakini unayeyuka kwenye 45, na S haivuki 2. Inamisha kipande cha kwatzi (quartz) taratibu mpaka hesabu za pamoja, yaani fotoni zinazonaswa pande zote mbili kwa wakati mmoja, zikaribie sifuri kichujio kimoja kikiwa +45 na kingine −45. Taa zizimwe kabla ya kuwasha vitambuzi vya fotoni; mwanga wa chumba huviharibu.